Kipande Kisichosafishwa

Tiketi ni yuro saba; waliovuka themanini hawalipi.
Mama anakasirika. "Nilipie," ananiambia,
"safari hii naingia kwa mlango wa mbele."

Kasri limekaa juu ya mwamba kama gego lililogoma kung'oka,
pembe zake zimeelekezwa mashariki, baharini,
kule walikokuwa wakitazamia matanga ya maharamia.
Leo kinachopita ni feri ya Albania,
nyeupe, mbali, haina haraka na mtu.

Anayetuongoza ni Ginevra, binti wa kaskazini,
viatu vyake vipya vinagonga mawe: ko, ko, ko.
Anatueleza mtawala aliyejenga, mizinga mingapi,
mchoraji aliyeitwa kutoka ng'ambo ya milima.
Unene wa ukuta ni mita saba,
na watalii wanaupapasa
kama wanunuzi wanaopapasa ng'ombe mnadani.
Mama hasikilizi. Anahesabu ngazi.
"Thelathini na moja," ananong'ona. "Hawajaongeza."

Mimi nimezaliwa kilomita tatu kutoka hapa,
kila kiangazi nimeogelea chini ya kuta hizi,
na sikujua kama mama anazijua ngazi.

Ukumbi mkubwa. Shingo zote zinapinda nyuma.
Darini wapanda farasi, mikungu ya zabibu,
mwanamke anayemimina maji kutoka mtungi wa dhahabu,
miaka mia tano anamimina na mtungi haujakauka.
Malaika ishirini na wawili, mashavu kama matufaha.
"Tuliwakuta weusi," anasema Ginevra,
"uchafu wa miaka na miaka. Kuwaosha kulichukua miaka sita."

Uchafu.
Neno limeanguka sakafuni, na mama, mgongo wake huo,
akainama akaliokota.
"Ile ilikuwa tumbaku, mwanangu."

Tulikuwa wasichana sitini. Bwana alikodisha ukumbi,
kamba zikafungwa kutoka kule hadi kule,
tazama matundu ya misumari.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Utomvu wa majani uliganda vidoleni,
mkate ukawa mchungu hata ukinawa kwa limau.
Madirisha hayakufunguliwa, bahari isije ikalowesha mali.
Kuzungumza, faini. Kuimba, faini.
Kutazama juu hawakukataza, hawakufikiria.
Basi kila mmoja alijichagulia malaika.
Wangu yule, mwenye mguu uliopinda;
nilimwita Pantaleo, nilitamani kaka.
Cesira alichukua wa pembeni, anayekohoa,
alisema anakohoa, kwa vile kinywa kiko wazi.
Baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martino Cesira hakurudi.
Malaika wake hakuchukuliwa na mtu.

Kimya. Mjerumani mmoja amevua kofia,
sijui ni kwa heshima au kwa joto.

Ginevra anamshika mama mkono,
wanakwenda hadi kona, dari linaposhuka karibu na dirisha.
Hapo pana kiraka, upana wa kiganja,
cheusi, cha rangi ya kahawa iliyosahauliwa jikoni.
"Wasafishaji huacha kipande," anasema,
"ili wajao wajue ilivyokuwa. Katika kazi yao
kipande hicho huitwa shahidi."

Kugusa ni marufuku; imeandikwa kwa lugha nne.
Ginevra anageuka kutazama feri.
Mama anaweka kidole, anakinusa, ananusa tena.
"Hainuki," anasema. Ni kama ameibiwa.

Nikamuuliza, nikitaka hadithi ifunge vizuri:
huu ni ubawa wa nani, wa malaika wa Cesira?
Alitazama kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba.
"Ningependa uwe wake," alisema.
"Lakini siyo. Wake walimwosha."

Tuliposhuka alihesabu tena, kwa sauti, bila aibu.
Langoni akadai risiti.